Kubadilika, Kujibadilisha na Kuteuliwa: Majaribio ya Mageuko Maabarani na Vitenzi vya Kiswahili

1. Utangulizi

Mgonjwa aliyemeza dawa asipate nafuu husikika akisema, "Mwili wangu umeizoea dawa hii." Mwalimu wa sayansi naye, akilieleza jambo lilo hilo darasani, husema kwamba vijidudu "vimejibadilisha ili kuishinda dawa". Kauli zote mbili hazina dosari ya sarufi. Ngeli zimepatana, nyakati zimekaa mahali pake, na msikilizaji hupata maana bila taabu. Hata hivyo, zote mbili zina kasoro ya ukweli, na kasoro hiyo imo katika vitenzi. Kauli ya kwanza imeupa mwili tendo ambalo si lake. Ya pili imevipa vijidudu nia ambayo havina.

Makala hii inakusudia kueleza majaribio manne ya maabara ambayo, kati ya mwaka 1943 na siku hizi, yamewawezesha wataalamu kuyaona mageuko ya viumbe yakitokea mbele ya macho yao. Baada ya hapo itachunguza ni vitenzi gani vya Kiswahili vinavyoyaeleza matokeo hayo kwa usahihi. Madhumuni si kubuni istilahi mpya. Orodha za istilahi za sayansi zimeshughulika zaidi na nomino, ilhali upotofu unaojadiliwa hapa hauondoki kwa kubadilisha nomino. Unaondoka kwa kuchagua mnyambuliko wa kitenzi unaolingana na ushahidi.

2. Kabla au baada? Jaribio la mwaka 1943

Bakteria aitwaye Escherichia coli, ambaye hukaa katika utumbo wa binadamu, hushambuliwa na virusi maalumu viuavyo bakteria. Mamilioni ya bakteria hao wakichanganywa na virusi hivyo, karibu wote hufa. Wachache husalia, na wazao wao husalia pia. Jambo hilo lilijulikana mapema. Lisilojulikana lilikuwa wakati: je, manusura hao walipata kinga baada ya kukutana na virusi, au walikuwa nayo kabla?

Salvador Luria, Mwitalia aliyehamia Marekani, na Max Delbrück, Mjerumani aliyehamia huko pia, walichapisha jibu lao mwaka 1943. Walitayarisha neli nyingi za kioo, wakatia bakteria wachache katika kila moja, wakawaacha wazaane kila neli peke yake mpaka wakawa mamilioni. Kisha walimimina kila neli katika kisahani chake kilichojaa virusi, wakahesabu vikundi vya manusura vilivyoota.

Hoja yao ilikuwa nyepesi. Iwapo kinga huletwa na virusi, basi kila neli, maadamu ina bakteria wa idadi iliyokaribiana na imekutana na virusi kwa namna moja, itatoa manusura wanaokaribiana kwa idadi. Lakini iwapo kinga hutokea kwa nasibu wakati wa kuzaana, neli ambamo badiliko lilitokea mapema itakuwa na ukoo mkubwa wa manusura. Ile ambamo lilichelewa itakuwa na wachache. Na ile ambamo halikutokea haitakuwa na hata mmoja.

Katika mojawapo ya majaribio yao yenye neli 20, neli 11 hazikutoa manusura yeyote. Sita zilitoa kati ya mmoja na sita. Moja ilitoa 35, nyingine 64, na nyingine 107. Luria alisimulia baadaye kwamba wazo lilimjia alipokuwa akimtazama mwenziwe akicheza mashine ya kamari, ambayo kwa kawaida haitoi kitu, na mara chache hutoa fungu kubwa kwa mpigo mmoja. Tofauti hizo kubwa haziwezi kuelezwa na kinga inayotolewa na virusi. Zinaelezwa na badiliko lililotangulia, ambalo lilitokea bila habari ya adui ajaye.

3. Kitambaa cha mahameli

Kwa kuwa hoja ya mwaka 1943 ilitegemea hesabu, wako waliotaka kuliona jambo lenyewe. Mwaka 1952 Esther na Joshua Lederberg, mke na mume wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, waliwatimizia haja hiyo kwa kitambaa cha mahameli.

Waliotesha bakteria katika kisahani kisicho na dawa wala virusi. Kisha walikigandamiza kisahani hicho juu ya mahameli. Nyuzi za kitambaa zilichukua bakteria kutoka kila mahali kisahanini, na mahameli hiyo ikatumiwa kama muhuri kupiga nakala katika visahani vingine vyenye virusi au dawa ya streptomaisini. Manusura walipoota katika visahani vya nakala, waliota mara nyingi mahali pale pale katika kila nakala. Maana yake ni kwamba mababu wao walikuwa wamekwisha kukaa mahali hapo katika kisahani cha kwanza.

Hatua ya mwisho ndiyo iliyoufunga mjadala. Wataalamu hao walirudi kwenye kisahani cha kwanza, wakachota bakteria wa mahali pale, wakawaotesha, na kuirudia kazi hiyo mara kadhaa. Hatimaye walipata ukoo mzima wa bakteria sugu ambao wao wenyewe na mababu wao wote hawakuwahi kukutana na dawa hata mara moja. Kusema kwamba bakteria hao "wameizoea" dawa ni kusema kwamba mtu amekizoea chakula ambacho yeye na ukoo wake hawajapata kukionja.

4. Molekuli isiyo na uhai

Huenda msomaji akadhani kwamba bakteria, ijapokuwa ni mdogo, ni kiumbe hai, na kiumbe hai hakikosi namna ya kuhisi na kujirekebisha. Jaribio la tatu lilimwondoa kiumbe hai kabisa.

RNA ni molekuli ndefu mfano wa uzi ulioshonwa kwa vipande vya aina nne, viitwavyo nukleotidi. Mpangilio wa vipande hivyo hubeba maagizo, kama mpangilio wa herufi ubebavyo maneno. Virusi viitwavyo Q-beta, ambavyo huambukiza bakteria, huhifadhi maagizo yao katika RNA yenye nukleotidi zipatazo 4,200. Vina pia kimeng'enya kinachoinakili RNA hiyo. Katika Chuo Kikuu cha Illinois, Sol Spiegelman na wenzake walikisafisha kimeng'enya hicho, wakakitia katika neli pamoja na nukleotidi huru na RNA ya virusi. Unakili ulianza humo nelini, pasipo bakteria wala seli ya namna yoyote.

Baada ya muda mfupi walichota tone, wakalihamishia katika neli mpya yenye malighafi mapya, na kuendelea hivyo neli baada ya neli, huku wakipunguza muda wa kungoja. Hivyo walioingia katika neli iliyofuata ni wale walionakiliwa upesi. Matokeo yalichapishwa mwaka 1967. Kufikia uhamisho wa 74, RNA ilikuwa imepoteza asilimia 83 ya urefu wake. Ilinakiliwa upesi kuliko ile ya kwanza, lakini ilikuwa imepoteza uwezo wa kuambukiza bakteria.

Wanafunzi wa fasihi ya Kiswahili hawatashangaa sana. Tenzi za Lamu na Pate zilizohifadhiwa kwa hati za Kiarabu zimetufikia kwa mikono ya wanakili wengi, na nakala za utenzi mmoja hutofautiana kwa idadi na mpangilio wa beti. Tuchukulie kwamba tajiri mmoja ameagiza nakala, akataka wingi na wepesi tu, wala hajali kuzisoma. Nakala iliyorukwa beti kumi itamalizika mapema, na kwa hiyo itakuwa ndiyo ya kwanza kuwekwa mbele ya mnakili wa pili. Huyu naye akirukwa na beti nyingine, nakala yake itatangulia tena. Baada ya mikono 74 pangebaki kijitabu chepesi cha kunakili kisichosimulia kisa chochote.

Mfano huu una mpaka wake, na mpaka huo ni muhimu kuliko mfano wenyewe. Mnakili wa Lamu ni mtu. Anaweza kuruka ubeti kwa uchovu, lakini pia anaweza kuuruka kwa makusudi. RNA haiwezi. Haikufupika ili iende mbio. Ilifupika kwa makosa ya unakili yasiyo na mwelekeo, na nakala fupi zikazipita nyingine kwa idadi. Mwaka 1974 watafiti wa fani hii walitangaza jambo linalohusu hoja yetu kwa karibu zaidi. Waliinakili RNA fupi ya namna hiyo mbele ya ethidiamu bromidi, kemikali inayozuia unakili, na baada ya uhamisho mwingi wakapata RNA iliyonakiliwa vizuri licha ya kemikali hiyo. Walipolinganisha mipangilio, waliona tofauti katika nukleotidi tatu tu. Huo ni usugu kamili wa dawa katika kitu kisicho na mwili wa kuzoea, wala akili ya kujifunza, wala uhai wa kutetea.

5. Koo kumi na mbili

Tarehe 24 Februari 1988 Richard Lenski, aliyekuwa wakati huo katika Chuo Kikuu cha California huko Irvine, alianzisha jaribio ambalo limeendelea kwa zaidi ya miongo mitatu. Kutoka kwa bakteria mmoja wa Escherichia coli alitoa koo 12, kila moja katika chupa yake yenye mililita 10 za maji ya chakula. Chakula chenyewe ni glukosi kidogo, ambayo huisha kabla ya siku kwisha. Kila siku asilimia 1 ya bakteria huhamishiwa chupa mpya. Hao huongezeka mara mia, sawa na vizazi sita na zaidi kidogo kwa siku. Kila baada ya vizazi 500 sampuli hugandishwa katika friza, na bakteria waliogandishwa wanaweza kuhuishwa na kushindanishwa na wajukuu wao. Jaribio lilihamia Chuo Kikuu cha Jimbo la Michigan, na mwaka 2022 likapelekwa Chuo Kikuu cha Texas huko Austin. Vizazi vimekwisha kupita 75,000.

Koo zote 12 zilikuja kuzaana upesi kuliko babu yao. Lakini tukio lenye fundisho kubwa lilionekana mwaka 2003. Maji ya chakula yalikuwa tangu mwanzo na sitreti, kemikali ambayo bakteria wa jamii hii hawawezi kuila palipo na oksijeni. Siku moja chupa ya ukoo mmoja ilikutwa imechafuka kupita kiasi kwa wingi wa bakteria. Ukoo huo ulikuwa umepata uwezo wa kula sitreti, na uchunguzi ulionyesha kwamba uwezo huo ulitokea karibu na kizazi cha 31,500. Zachary Blount, Christina Borland na Lenski walitoa taarifa kamili mwaka 2008. Walikuwa wamehuisha sampuli za zamani za ukoo huo huo ili kuona kama historia ingejirudia. Ilijirudia mara chache, na katika sampuli za kizazi cha 20,000 na kuendelea tu. Yaani palitangulia badiliko jingine lililoandaa njia.

Hapa hoja inakuwa dhahiri. Koo zote 12 zilikuwa na njaa kila siku. Zote zilielea katika sitreti. Haja yao ilikuwa moja. Ukoo mmoja tu ndio uliopata kuila. Kama haja ingekuwa ndiyo mama wa badiliko, zote zingebadilika.

6. Vitenzi na minyambuliko yake

Je, Kiswahili kina namna ya kuyasema haya pasipo kuyapotosha? Kinayo, tena kwa ukamilifu ambao lugha nyingi hazina, kwa kuwa vitenzi vyake hudhihirisha kwa viambishi ni nani atendaye na ni nani apatwaye. Hebu tuitazame jamii moja ya maneno.

(a) Badilisha. Kuna mtenda na kuna mtendwa. Mtafiti hubadilisha neli; virusi havibadilishi bakteria.

(b) Jibadilisha. Mtenda na mtendwa ni mmoja, na kwa kawaida ana nia. Kitenzi hiki kinamfaa mwizi anayevaa nguo nyingine. Hakimfai bakteria wa Luria, wala RNA ya Spiegelman.

(c) Badilika. Hali inatajwa bila mtenda. Hiki ndicho kitenzi cha tukio la kwanza: RNA ilibadilika, ukoo wa tatu ulibadilika.

(d) Teuliwa. Ni tukio la pili, baada ya kubadilika. Aliyekwisha kuwa tofauti ndiye anayebakizwa. Ubaya wake ni kwamba kauli ya kutendwa humfanya msikilizaji amtafute mteuzi. Mwalimu anaweza kuuondoa ubaya huo kwa mfano wa chekecheke: unga hupita na chenga hubaki, lakini chekecheke haikukusudia neno.

(e) Pokezana. Mwaka 1959 watafiti wa Japani walionyesha kwamba bakteria wanaweza kupeana jeni za usugu, hata bakteria wa jamii mbili tofauti. Kauli ya kutendana, ambayo Kiswahili kinayo tayari, inalisema jambo hilo kwa neno moja.

Uaminifu unadai kuongeza kwamba ushahidi haukukataza vitenzi vya kumbukumbu mahali pote. Mwaka 2007 ilithibitishwa kwamba bakteria watumiwao kugandisha maziwa ya mtindi wanaweza kuchukua kipande cha jeni za virusi vilivyowashambulia, wakakihifadhi katika jeni zao wenyewe, na kuwarithisha wazao kinga dhidi ya virusi hivyo hivyo. Hapo kusema kwamba bakteria "amehifadhi kumbukumbu" si kosa kubwa. Lakini kipande hicho huonekana na husomeka; mahali pasipokuwa na ushahidi kama huo, kitenzi cha kumbukumbu hakina haki ya kutumika.

Mantiki hiyo hiyo inaihusu nomino yenyewe. Mageuzi, kutokana na geuza, hudokeza kuwapo kwa mwenye kugeuza, na ndiyo maana lilifaa sana katika siasa za Kenya za miaka ya 1990, ambapo watu walidai mabadiliko na walijua wanayemdai. Mageuko, kutokana na geuka, halimdokezi mtu. Kwa mambo ya viumbe hili la pili linaelekea kufaa zaidi, ingawa la kwanza limeenea. Na kiunganishi ili, ambacho hubeba kusudi, kiangaliwe kwa hadhari kuliko vyote. Badala ya "vijidudu vilibadilika ili visife", yatosha kusema: "Baadhi ya vijidudu vilikuwa vimekwisha kubadilika, dawa iliviua vingine, hivyo vilisalia na kuzaana."

7. Gharama ya kitenzi kibaya

Pengine itaulizwa kama haya si mambo ya darasani tu. Historia ya klorokwini inajibu. Dawa hiyo ilitibu malaria Afrika Mashariki kwa miongo mingi. Mwishoni mwa miaka ya 1970 vimelea sugu vilithibitishwa katika eneo hili, na mwaka 1998 Kenya iliiondoa klorokwini katika nafasi yake ya dawa ya kwanza ya malaria. Katika miaka hiyo watu wengi walisema kwamba miili yao imeizoea. Uchunguzi wa nasaba ya vimelea umeonyesha jambo tofauti kabisa: usugu ulioenea Afrika uliletwa na ukoo wa vimelea ulioanzia Asia. Miili ya watu haikuizoea dawa. Ilivamiwa na ukoo mgeni uliokuja na usugu wake.

Malawi ilikuwa imeiacha dawa hiyo mapema zaidi, mwaka 1993. Baada ya hapo vimelea visivyo sugu viliongezeka tena, kwa maana pasipo dawa usugu huwa mzigo bila faida. Utafiti uliofanywa Blantyre na kuchapishwa mwaka 2006 ulionyesha kwamba klorokwini ilifaulu kwa watoto kwa asilimia 99. Chekecheke ilipoondolewa, mchanganyiko ulibadilika.

Mtu anayeamini kwamba ni mwili wake uliozoea dawa ana kila sababu ya kudhani kwamba tatizo ni lake peke yake. Humpa jirani vidonge vilivyobaki, kwa kuwa mwili wa jirani haujavizoea. Hajui kwamba vimelea vilivyo ndani yake vyaweza kufika kwa jirani huyo huyo, navyo vitafika na usugu wao. Anayejua kwamba usugu ni mali ya vimelea huelewa kwamba kila matumizi ya dawa ni chekecheke inayotikiswa kwa niaba ya kijiji kizima.

8. Tamati

Majaribio yaliyoelezwa yalifanywa kwa neli, kwa kitambaa, kwa tone la RNA na kwa chupa 12 za maji ya chakula. Yote yameleta ushuhuda mmoja: badiliko hutangulia, bila kujua liendako, uteuzi hufuata, bila kujua utokako. Kiswahili kinaweza kuutamka ushuhuda huo kwa usahihi, kwa viambishi ambavyo mtoto wa miaka minne anavitumia bila kufundishwa. Ni juu ya walimu wa lugha, wanaohariri vitabu vya sayansi na matangazo ya afya, kuhakikisha kwamba -ik- haigeuzwi kuwa -ish-, na kwamba ji- haipewi kitu kisicho na nafsi.